Kilo Sitini na Sita Mbele ya Mlango wa Bi Koleta

Msiniulize nchi hiyo iko wapi. Niliingia kwa miguu, nikakaa humo mwaka mmoja na miezi miwili, nikatoka kwa miguu, na ninaweza kuwahakikishia kwamba haifanani hata kidogo na nchi yenu. Kwenu mambo yanakwenda vizuri, tunasikia. Basi someni kwa amani, kama mtu anayesimuliwa habari za majini.

Nchi hiyo ilipatwa na joto. Mito ilikonda, mvua ikawa inakuja kama mgeni asiyependa kulala, na hewa ya mjini ilikuwa nzito, unaivuta kama unavyovuta mkokoteni. Viongozi wakakaa kikao cha siku tisa ndani ya ukumbi uliopozwa kwa mashine mpaka mawaziri wawili wakashikwa na mafua. Siku ya kumi wakatoka na jibu. Chanzo cha joto kilikuwa wananchi.

Si viwanda, maana viwanda vilikuwa vya shemeji zake mkuu wa nchi, Mtukufu. Si misitu iliyokatwa, maana magogo yalikuwa ya Mtukufu mwenyewe. Alikuwa yule mama anayesahau taa ya chooni, na yule bwana anayebeba nyama kwenye mfuko wa plastiki.

Mtukufu akaja uwanjani kwa msafara wa magari sitini na moja kutuambia tutembee kwa miguu. Njiani msafara uliwagonga watu wawili. Walikuwa wanatembea kwa miguu.

"Ndugu zangu!" alisema, na vipaza sauti vikalia. "Mabadiliko makubwa huletwa na mambo madogo! Basi tugawane kazi. Mimi nitabaki na makubwa, nyinyi chukueni madogo!"

Tulipiga makofi. Aliyepiga kidogo alipigwa yeye.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Sheria ya Mambo Madogo ya Kila Siku. Kwa kweli ilikuwa sheria nzuri. Beba kikapu chako sokoni. Zima taa ukitoka chumbani. Maji ya kuoshea mchele mwagilia mboga. Maganda yaoze shimoni yawe mboji. Kitu kikiharibika usikitupe, kitafutie kazi nyingine. Mtu mwenye akili angeyafanya hayo bila kuambiwa. Lakini serikali haikutaka tuyafanye kwa akili, ilitaka tuyafanye kwa woga, kwa sababu woga una takwimu.

Kikaundwa Kikosi cha Upole kwa Mazingira. Sare za kijani, viatu vya kijani, na rungu. Marungu yote, tuliambiwa redioni, yalichongwa kwa mti uliojifia wenyewe. Hakuna mti mbichi uliokatwa kwa ajili ya kichwa cha mwananchi.

Aliyekutwa na mfuko wa plastiki alivishwa kichwani mpaka atubu, na wengine walitubu kwa kuchelewa. Fundi mmoja wa redio aliacha bomba likivuja. Alikalishwa chini ya bomba hilo, mdomo wazi, mpaka akanywa ndoo tatu alizofuja, na ya nne ya onyo. Damu ikimwagika barabarani haikuoshwa kwa maji ya bomba. Waliiosha kwa maji yaliyokwisha kufulia nguo. Kwa hilo nawasifu.

Na jambo moja lazima niliseme kwa haki: hapakupigwa mtu bila fomu. Mkuu wa kikosi, Kanali Rogasiani, alikuwa mtu wa utaratibu. Mrefu, mnene wa shingo, sauti yake laini kama ya padri. "Sisi si wahuni," alikuwa akisema. "Kwanza namba ya mlango, halafu kosa, halafu idadi ya fimbo, halafu sahihi yako, halafu fimbo." Kisanduku cha kwanza kisipojazwa, vya chini havikujazwa. Nilimwona akimwachia mtu aliyekwisha kulazwa chini, kwa sababu karani alikosa wino.

*

Mimi nilipanga chumba cha uani kwa Bi Koleta, mlango namba thelathini na saba. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mpika vitumbua, mfupi, mwenye mdomo. Kama kuna binadamu aliyeishi hiyo Sheria kabla haijaandikwa, ni yeye. Kwake hakuna kitu kilichokufa mara moja. Kopo la mafuta lilikuwa taa, taa ikitoboka ilikuwa kitalu cha mchicha. Kanga ikichakaa ilikuwa nepi, halafu tambara, halafu utambi. Majivu aliyasugulia masufuria. Viazi vitamu viliota kwenye magunia pembeni mwa ukuta, vikinywa maji ya kufulia.

Siku moja nilimwambia, "Bi Koleta, wewe wangekupa nishani."

"Nishani ya nini, mzee? Huu ni umaskini. Haujawekwa kwenye orodha yao."

Mkabala naye, mlango namba thelathini na nane, aliishi Lutufyo, mshona katambuga. Alichukua matairi yaliyokwisha akayafanya viatu visivyokwisha. Mzee wa miaka sitini na sita, mgongo umepinda kwa kuinamia sindano.

Sasa, mtaa ule ulikuwa na desturi ambayo sijaikuta kwingine. Anayeamka wa kwanza hufagia mbele ya mlango wake, halafu huvuka na kufagia mbele ya mlango wa jirani, halafu huzoa taka zote za milango miwili na kuziweka kwake. Kuchukua taka za mwenzio ilikuwa ndiyo salamu kubwa kuliko zote. Bi Koleta na Lutufyo walishindania salamu hiyo miaka ishirini na miwili.

"Kaka Lutufyo! Leo kitanda kimekuoa?" Bi Koleta alikuwa akipiga kelele kunapopambazuka, ameshamaliza kufagia kote kuwili.

"Nyamaza, dada, kesho nitakufagilia mpaka chumbani."

"Jaribu. Utatoka humo umezolewa na wewe."

Mtaa mzima ulikuwa ukicheka kwenye vitanda. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yetu.

*

Ndipo likaja Tangazo la Mizani. Kila nyumba, taka isizidi nusu kilo kwa wiki. Taka ni kitu chochote kisicho na kazi tena. Na taka ni mali ya mlango ambao imekutwa mbele yake. Kosa la kwanza, fimbo kumi. La pili, ishirini. La tatu, mkosaji anakwenda kuwa mboji katika Bustani ya Taifa. Sikuelewa neno hilo mpaka nilipopita karibu na Bustani nikasikia shimo linakohoa.

Ijumaa ya kwanza Kanali akaja na mizani, karani na askari kumi na wanne. Bi Koleta alikuwa ameamka wa kwanza kama kawaida yake. Amefagia kwake, amefagia kwa Lutufyo, na kwa kuwa jirani mwingine alikuwa na homa, amefagia na kwake. Taka zote ziko mbele ya namba thelathini na saba, zimepangwa vizuri kama mzigo wa harusi.

"Kilo nne na robo," karani akasoma.

"Lakini si zangu zote," Bi Koleta akasema. "Hizi za kaka hapo, hizi za yule mgonjwa."

"Kwa nini ziko kwako?" Kanali akauliza kwa upole.

"Kwa adabu."

Kanali akaangalia fomu. Hapakuwa na kisanduku cha adabu. Fimbo kumi.

Lutufyo alitoka ndani akakuta zinahesabiwa sita, saba. Akasimama pale na shati amelivaa mkono mmoja, hajui alivae au alivue. Kesho yake aliamka saa kumi na moja akafagia kote kuwili, na Bi Koleta alipotoka alikuta ardhi imechanwa na fagio la chelewa, safi, hakuna hata unyasi.

Ijumaa ya pili Bi Koleta hakuwa na taka hata ya kuweka chini ya kucha. Lakini Alhamisi serikali ilikuwa imegawa vipeperushi vya kutufundisha kupunguza taka. Kila nyumba kilo moja na robo. Vilikuwa na picha ya Mtukufu, kwa hiyo kuvichoma ni uhaini, kufungia vitumbua ni uhaini, kuvipeleka chooni nisiseme. Nyumba nyingine zilivificha darini, nyingine zilivila. Bi Koleta alivipanga mezani kwa heshima. Karani akaingia, akavitoa nje, akavipima mbele ya mlango.

"Vina kazi?" Kanali akauliza.

"Vimeshafanya. Nimevisoma."

"Basi havina kazi tena."

Fimbo ishirini. Usiku ule nilimkanda mgongo kwa maji ya chumvi, na maji hayo akasema nisimwage, yatafaa kuoshea uani.

Limebaki kosa moja. Kila mtu mtaani alijua limebaki moja.

*

Nanyi mnajua woga ukiingia mahali adabu hutorokea dirishani. Wiki ile ya tatu watu walianza kufagia kinyume. Unasukuma taka zako mpaka mlangoni kwa jirani, jirani anazirudisha na jiwe juu yake. Siku ya Jumanne wanawake wawili walipigana kwa miti ya fagio kwa ajili ya ganda la ndizi. Mmoja alipoteza jicho. Jumatano fundi wa redio, yule aliyenusurika ndoo nne, alichomwa kisu cha vitunguu kwa sababu ya mifupa ya samaki. Akafa kwenye msingi wa nyumba ya watu, na wenye nyumba wakamburuta haraka mpaka nyumba ya pili, na wa nyumba ya pili mpaka ya tatu. Alisafiri nyumba tisa, masikini, mtu ambaye akiwa hai hakupenda kutembea.

Redio ilitangaza kwamba taka mjini zimepungua kwa asilimia sabini.

Ijumaa asubuhi Bi Koleta alifungua mlango akakuta mbele yake mbwa mfu, ndoo ya maganda, na godoro lililooza. Aliyetupa hakujulikana, na sidhani alikuwa mmoja. Tayari filimbi ya Kikosi ilikuwa inasikika mwanzo wa mtaa.

Bi Koleta hakulia. Alisimama tu, mkono kwenye kizingiti, akilipima lile godoro kwa macho.

Lutufyo akavuka njia na fagio lake.

"Kaka, rudi ndani," Bi Koleta akasema.

"Dada, leo nimeamka wa kwanza."

"Nimesema rudi! Si wakati wa mchezo."

"Nani anacheza? Sogea, unanikanyagia kazi."

Mimi nilishika godoro upande mmoja, yeye mwingine. Mbwa alimbeba mwenyewe, kifuani, kama mtoto. Tulikwisha kuvivusha vyote, mbele ya namba thelathini na saba pameng'aa, na Lutufyo alikuwa amerudi kufuta alama ya mwisho kwa ncha ya fagio, Kanali alipofika.

"Unafanya nini, babu?"

"Nafagia."

"Kwa nani?"

"Kwa dada yangu."

"Namba ya mlango wako?"

"Thelathini na nane."

Karani akajaza. Kosa: kuhamisha taka. Fimbo: thelathini. Sahihi. Lutufyo aliandika jina lake taratibu, herufi moja moja, kama anavyoshona soli. Wakamlaza palepale alipokuwa amesimama, mbele ya mlango wa Bi Koleta.

Alikufa kwenye ya kumi na tisa. Tuliona wote, mguu wake wa kushoto ulijinyoosha halafu ukawa hauna habari. Askari akasimamisha rungu hewani, akamtazama mkuu wake. Kanali akatazama fomu.

"Imeandikwa thelathini," akasema.

Zikamaliziwa kumi na moja.

*

Halafu utaratibu ukaendelea. Karani aligeuza ukurasa, akamuuliza Kanali kwa sauti ya chini kuhusu hicho kilicholala chini. Kanali akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri.

"Je, kina kazi tena?"

"Hapana, afande."

"Kiko mbele ya mlango upi?"

Wakamnyanyua Lutufyo wakamweka kwenye mizani. Kilo sitini na sita. Ndivyo nilivyojua kwamba alikuwa na kilo moja kwa kila mwaka wake.

"Mama," Kanali akasema kwa ile sauti ya padri, "nusu kilo inaruhusiwa. Umezidisha sitini na tano na nusu. Ni mara ya tatu. Karani, fomu ya Bustani. Namba ya mlango?"

Bi Koleta hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameingia ndani akatoka na mchi wa kinu. Nilidhani atamvunja Kanali kichwa, nikafunga macho. Nilisikia mlio wa chuma. Nilipofungua aliupiga mchi tena kwenye bawaba ya chini, bawaba ikaruka, na mlango namba thelathini na saba ukaanguka kwa kishindo, vumbi likatimka.

"Mzee," akaniambia, "shika upande huo. Maiti hailali chini."

Tukamlaza Lutufyo juu ya mlango. Bi Koleta akavua mtandio akamfunika.

"Namba ya mlango?" karani akarudia, kalamu imesimama. Akautazama ukuta. Palikuwa na tundu tu, na ndani ya tundu meza na sufuria la vitumbua.

"Mlango uko wapi?" Kanali akauliza.

"Huu hapa. Umepata kazi nyingine, unabeba mtu. Si ndiyo sheria yako? Usitupe kitu, kitafutie kazi!" Kisha akaugeukia mtaa, sauti imekwaruza. "Nyinyi mliotupa mbwa! Njooni mbebe! Mimi na mzee hatumwezi!"

Kwanza hakutoka mtu. Kisha akatoka yule mwanamke aliyepoteza jicho, kitambaa usoni. Akafuata yule aliyemtoboa, hawatazamani. Wakashika kona mbili. Na jirani wa homa, kabla hajaja, alirudi kwake kwanza, tukasikia bawaba zinalia.

Mpaka adhuhuri mtaa mzima ulikuwa matundu. Kanali alizunguka na fomu tupu mkononi, akinyanyua rungu na kulishusha. Hapigwi mtu bila namba. Tulimzika Lutufyo juu ya mlango ule, akaulalia kama kitanda.

*

Baada ya wiki moja hapakuwa na mlango mjini. Habari ilisambaa kuliko Sheria yenyewe. Milango ilianikiwa dagaa, ilifanywa madawati, ilizibia visima. Wezi walilalamika kwamba hakuna tena cha kuvunja, wanaingia wanakaribishwa chai, wanaona aibu. Nyumbani kwa Mtukufu kulikuwa na geti, geti halihesabiwi. Mlango uliobaki umesimama na namba yake ulikuwa mmoja tu, wa Ofisi ya Mizani ya Kanali mwenyewe, namba moja.

Mtukufu akatoa amri. Ndani ya siku tatu kila nyumba irudishe mlango wake uleule. Mpya hauruhusiwi, maana mbao zinaua misitu. Na kwa kuwa fomu ya Bustani ya Bi Koleta ilikuwa imefunguliwa na haijafungwa, Kanali alipewa kazi maalumu: mlango namba thelathini na saba ufukuliwe, utundikwe, na mwenyewe apelekwe shimoni siku hiyohiyo.

Asubuhi ya siku ya tatu waliingia makaburini na majembe. Walimkuta Bi Koleta amekaa juu ya kaburi, miguu ameinyoosha. Nasi nyuma yake, wengi, mikono mitupu.

"Ondoka, mama," Kanali akasema.

"Chimba hapohapo nilipokaa. Utaupata mlango, utanipata na mimi. Usafiri mmoja, mafuta yamepungua."

"Chimba," Kanali akamwambia askari wa kwanza.

Alikuwa mtu wa makamo, mtaratibu, amefundwa vizuri. Akanyanyua jembe, akasita.

"Afande, samahani. Huu udongo tukiutoa utakuwa umeacha kazi yake. Utakuwa taka. Utaandikwa mlango gani?"

Naapa hakuuliza kwa ubishi, aliuliza kwa kazi. Sote tulijua mjini umebaki mlango upi. Kanali naye alijua. Ile shingo nene ikavimba mishipa, na rungu likashuka kwenye kichwa cha yule askari kabla hajafunga mdomo. Akaanguka kama gunia.

"Afande," akasema wa pili, "hajajaziwa fomu."

Akapigwa wa pili, mara tatu, mpaka kofia ikaingia kichwani.

"Afande, na mimi nilikuwa nauliza udongo..." akaanza wa tatu. Meno yake yaliruka mpaka kwenye gauni la Bi Koleta.

Wa nne hakuuliza kitu. Alikuwa na jembe mkononi.

Kanali aligeuka kumtazama, na sidhani aliona zaidi ya makali ya jembe. Halafu wa tano naye akanyanyua, na wa sita. Sisi hatukusogea. Sauti ilikuwa ile ya kulima ardhi ngumu, na ilichukua muda, kwa sababu walikuwa askari waliozoea kumaliza idadi.

*

Jioni tulikaa uani, redio ya Bi Koleta katikati ya magunia ya viazi. Ilitangazwa kwamba Kanali Rogasiani, mwana mpendwa wa taifa, amejitolea kwa hiari yake kuwa mboji, kilo tisini na mbili kamili, na kwamba Bustani itaitwa kwa jina lake. Ilitangazwa kwamba fomu zote zilizofunguliwa na marehemu zimezikwa pamoja naye, hivyo hakuna mkosaji tena mjini. Ilitangazwa pia kwamba Mtukufu anaandaa jambo jingine dogo.

Bi Koleta alikuwa ameegemeza mgongo ukutani polepole, maana bado unauma. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha.

"Wamemtaja Lutufyo?" akauliza.

"Hapana."

"Basi izime hiyo, mzee. Inamaliza betri."